Mbwa anayelala nje wakati wa baridi kali: joto la banda linatoka wapi, na ni lipi linaloua?

#1 – MchungaTheluji (mleta mada)

Wakuu, nawasalimu.

Ninafuga mbuzi nje kidogo ya mji wa St. Cloud, jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, na pamoja nao nina mbwa wawili. Simba ni dume mwenye uzito wa kilo 48 na manyoya mazito ya Great Pyrenees (aina ya mbwa wakubwa wa kulinda mifugo), na kazi yake ni kuwalinda mbuzi usiku dhidi ya koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa Marekani. Bosi ana kilo 22, manyoya mafupi, ukoo usiojulikana, na umbo linalonikumbusha mbwa wa kwetu Njombe. Kila ifikapo Novemba napigiwa simu na Waswahili wenzangu walioanza kufuga mbwa huku, na swali ni lile lile: mbwa wangu analala nje, je, nimwekee hita ya aina gani? Nimefungua uzi huu kwa sababu naona swali lenyewe limeanzia pasipofaa. Hita ni mbwa mwenyewe. Kazi ya banda ni kuhakikisha kwamba joto analolitoa haliponyoki.

Mbwa wa kilo 30 aliyejilaza tu, bila kufanya kazi yoyote, hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 40 au 50. Si joto jingi, lakini halizimiki usiku kucha na halihitaji waya. Ukiliweka kwenye kisanduku kidogo, kikavu, chenye kuta zilizohamiwa (zenye kitu cha kuzuia joto lisitoke), linatosha kuleta tofauti kubwa sana. Ukiliweka kwenye banda pana lenye ukuta wa plaiwudi tupu, linapotea kabla mbwa hajafumba macho.

Hili nililijifunza kwa aibu. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilimjengea Simba banda la fahari, mita moja na nusu kila upande, lenye kimo cha kuniwezesha kuingia nikiwa nimechuchumaa, nikamtandikia mablanketi matatu ya zamani na kurudi ndani nikiwa nimeridhika na moyo wangu. Asubuhi moja ya Januari nilikuta blanketi la juu limeganda na kuwa gumu kama ubao, dari imejaa sakitu iliyotokana na pumzi yake mwenyewe, na Simba hayumo. Alikuwa amejikunja nyuma ya lundo la nyasi za mbuzi, pua imefunikwa na mkia, theluji imemlala mgongoni bila kuyeyuka. Mbwa alikuwa ameshafanya hesabu ambayo mimi sikuifanya.

Banda la pili nililijenga kwa kumpima yeye. Urefu wa ndani ni kutoka pua hadi shina la mkia, ukiongeza shubiri moja. Upana unamtosha kugeuka na kujikunja. Kimo kinamwezesha kusimama akiwa ameinamisha kichwa kidogo. Mlango hauko katikati, uko pembeni, na ni mdogo kiasi kwamba anainama kuingia. Ukishaingia unakutana na ukuta mfupi wa ndani, halafu ndipo unapinda kwenda sehemu ya kulalia, hivyo upepo unaoingia mlangoni unagonga ukuta huo na kuishia pale. Mlango unatazama kusini-mashariki, kwa kuwa upepo mbaya wa huku wakati wa baridi hutoka kaskazini-magharibi. Kuta, sakafu na dari ni za tabaka tatu: plaiwudi nje, ubao wa povu gumu wa sentimita 5 katikati (ule wa rangi ya waridi au samawati unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi), na plaiwudi tena ndani. Usilisahau hilo tabaka la ndani, kwa maana mbwa akiliona povu atalitafuna, na povu tumboni ni safari ya kwenda kwa daktari. Sakafu imekaa juu ya matofali, haigusi ardhi. Paa limefungwa kwa bawaba ili nilifunue ninapobadilisha matandiko, na chini ya ukingo wa paa, upande usiopigwa na upepo, kuna tundu dogo la hewa.

Tundu hilo limenigombanisha na watu wengi, kwa sababu wanaona nimetoboa nyumba niliyoipigania isipitishe baridi. Hata hivyo mbwa hupumua maji usiku kucha, na maji hayo yasipopata pa kutokea huganda darini, huyeyuka mchana, hudondokea matandiko, na usiku unaofuata mbwa analala juu ya kitu chenye unyevu. Baridi kavu ya nyuzi 15 chini ya sifuri mbwa mwenye manyoya mazito anaivumilia. Unyevu kwenye nyuzi 2 juu ya sifuri unaweza kumwangusha.

Kuhusu matandiko, msimamo wangu ni mmoja: mabua makavu ya ngano au shayiri, na siyo blanketi. Bua la ngano ni mrija wenye hewa ndani, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Mbwa huchimba, hujizungusha, hujifukia na kujitengenezea kiota, na maji yanayotoka miguuni mwake huchuruzika chini badala ya kubaki pale pale alipolalia. Blanketi hunywa maji hayo na kuyashika. Anayedhani haya ni mambo ya kimaskini na ayatazame mashindano ya Iditarod kule Alaska, ambako mbwa wanaovuta sleji (vigari vya kuteleza juu ya theluji) hukimbia takriban maili 1,000 kutoka Anchorage hadi Nome: kwenye vituo vya mapumziko hupelekewa marobota ya mabua, yakatandazwa juu ya theluji, na mbwa wakalala hapo. Nyasi za kulishia mifugo zinaweza kutumika ukikwama, ila hunyonya unyevu na kuota ukungu upesi zaidi kuliko mabua.

Nilitundika kipimajoto kwenye banda la pili. Usiku mmoja, nje kukiwa na nyuzi 24 chini ya sifuri, hewa ya ndani upande wa kulalia ilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri, na ndani ya kiota chenyewe, Simba aliponipisha kwa kinyongo ili niingize mkono na kipimo, kulikuwa na nyuzi 15 juu ya sifuri. Hapakuwa na waya hata mmoja. Theluji ikianguka, huwa nailundika kwenye kuta tatu zisizo na mlango, kwa sababu theluji nayo ina hewa ndani yake na inahami vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Sheria ya jimbo hili inakubaliana na mengi ya haya. Inataka banda liwe la kuzuia unyevu na upepo, liwe na ukubwa unaomfaa mbwa na kuruhusu joto la mwili wake libaki ndani, na liwe na sakafu ngumu isiyopitisha maji au iliyoinuliwa angalau inchi 2 kutoka ardhini. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 mlango lazima uwe na kizuizi cha upepo. Matandiko yatakiwa kuwa ya kutosha, na sheria inayataja nyasi kavu, mabua, maranda ya mwerezi, na hata blanketi. Kwa hilo la blanketi, mimi na watunga sheria tumeachana njia.

Bosi simlazi nje usiku wa baridi kali, na sitaki mtu asome uzi huu akadhani kwamba banda zuri linamfaa kila mbwa. Mbwa mwenye manyoya mafupi ya tabaka moja, mbwa mwembamba, mtoto, mzee au mgonjwa hana joto la kutosha la kulitunza, na hata ukimjengea banda la dhahabu halitamsaidia. Hata Simba huingizwa ghalani hali ikivuka mipaka, kama ile wiki ya mwisho wa Januari 2019 ambapo Minneapolis ilifikia nyuzi 33 chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo.

Karibuni kwa maswali na kwa kunisahihisha.

#2 – Mwanapwani_Kaskazini

Ahsante sana, mleta mada. Nina jambo ambalo nadhani wengi wa kwetu wanalo lakini hawalisemi wazi. Sisi watu wa pwani tulio wengi ni Washafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi. Pale anapogusa kwa unyevu panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kumfuga kwa ajili ya kulinda mali, mifugo au shamba kunaruhusiwa, na mimi ninaye mmoja kwa sababu hiyo, lakini kumwingiza sebuleni panaposaliwa haiwezekani. Majirani zangu wa hapa Ohio hawaelewi, na baadhi yao wananiona mkatili. Nilimwamulia alale kwenye gereji. Je, gereji ni suluhisho au nimejidanganya?

#3 – MchungaTheluji

Sheikh, gereji ni suluhisho zuri kuliko mabanda mengi niliyoyaona, mradi mambo matatu yaangaliwe. La kwanza, gari lisiwashwe humo kabisa wakati mbwa yumo, hata kama mlango mkubwa umefunguliwa na hata kama ni kwa dakika mbili za kuyeyusha barafu kwenye kioo, kwa sababu moshi wa gari una hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo haionekani wala hainuki. La pili, sakafu ya saruji hufyonza joto la mbwa kuliko hewa inavyofanya, kwa hiyo mwekee paleti iliyofunikwa kwa plaiwudi, kisha kisanduku chenye mabua juu yake. Gereji inazuia upepo, haizalishi joto. La tatu ndilo lililonifanya nikujibu haraka: ondoa kila chupa ya kipozeo cha injini, na ukague sakafu kama kuna tone lolote lililovuja.

Kipozeo cha kawaida kina ethilini glaikoli, ambayo ladha yake ni tamu na mbwa huilamba kwa hiari. Mbwa mdogo wa kilo 5 anaweza kufa kwa kiasi kinachojaa vijiko viwili au vitatu vya chakula. Mwanzoni huyumba kama mlevi, kisha huonekana amepata nafuu, na mwenye mbwa hushukuru Mungu na kwenda kulala, ilhali figo ndizo zinazokufa wakati huo. Dawa yake ipo, lakini hufanya kazi ikitolewa ndani ya saa chache tangu alambe. Usingoje kuona.

#4 – FundiPaleti

Mleta mada ameandika vizuri, lakini naona ameupuuza umeme kupita kiasi. Nimelea vifaranga Nakuru kwa miaka mingi nikitumia balbu ya joto ya wati 250 iliyoning'inizwa kwenye bruda (kizimba cha kulelea vifaranga), na sikupoteza banda hata mara moja. Huku niliko sasa, karibu na Calgary, Kanada, nimeifunga balbu ile ile kwenye banda la mbwa, na mbwa anaipenda. Kwa nini nimwache ategemee mabua wakati umeme upo ukutani?

#5 – DadaWaDuluth

Kaka FundiPaleti, naomba nijibu mimi, kwa sababu nimelipa gharama ya somo hili.

Kifaranga hana mkia wa kupiga balbu, hana meno ya kutafuna waya, wala haruki kwa furaha anaposikia hatua za mwenye nyumba. Mbwa anavyo vyote hivyo. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, nilikuwa na balbu kama yako kwenye kibanda kilichoungana na zizi la mbuzi. Ilishikwa kwa klipu ya chemchemi, ile inayouzwa pamoja nayo, na sikuifunga kwa mnyororo. Saa tisa usiku klipu iliachia, au mbwa aliigonga, sitajua kamwe. Balbu iliangukia mabua. Tulipotoka nje kwa mwanga uliokuwa dirishani, paa lilikuwa limeshaanguka upande mmoja. Mbwa alitoka akiwa ameungua sikio. Mbuzi wanne hawakutoka.

Wazima moto waliponiuliza kilichokuwa ndani, nilipotaja tu balbu ya joto, yule mkubwa wao alitikisa kichwa na kuandika bila kuuliza swali jingine. Mabua makavu pamoja na balbu ya wati 250 ni kuni na kiberiti vilivyowekwa chumba kimoja, na umesema mwenyewe kwamba mbwa analala humo.

#6 – FundiPaleti

Pole sana, dada. Nimeizima jioni hii na kuifungua. Je, hakuna kifaa chochote cha umeme kinachokubalika? Mbwa wangu ana miaka 12 na ana baridi yabisi kwenye nyonga.

#7 – MchungaTheluji

Kipo, na ninacho kimoja kwa ajili ya Bosi anapokuwa ghalani. Ni sahani ngumu ya joto iliyotengenezwa mahsusi kwa mabanda ya nje, yenye kidhibiti kinachoizuia isipande zaidi ya joto la mwili wa mbwa, na yenye waya uliozungushiwa chuma ili usitafunwe. Usichukue mkeka wa joto wa binadamu, kwa sababu haukutengenezwa kwa unyevu wala kwa kukaliwa muda mrefu, na mbwa mzee asiyeweza kuinuka upesi anaweza kuungua polepole juu yake bila kulia. Sahani ifunike nusu tu ya sakafu ili akiona joto limezidi ahamie upande wa pili. Ichomekwe kwenye soketi ya nje inayokata umeme yenyewe pale unapovuja, na siyo kwenye waya mrefu unaopita juu ya theluji na kuunganishwa katikati kwa utepe. Kila wiki pitisha mkono juu ya waya wote kutafuta alama za meno.

Hata hivyo, mbwa wa miaka 12 mwenye baridi yabisi, Calgary, mwezi wa Januari? Mimi ningemhamishia ndani, hata kama ni chumba cha kufulia.

#8 – Mmakete

Kamwene, kaka MchungaTheluji. Mimi siko Ulaya wala Marekani, niko Makete, na huenda mtanicheka nikisema kwamba nasi tuna baridi. Lakini wewe ni mtu wa Njombe, unajua kipupwe cha Juni na Julai kilivyo huku karibu na Kitulo, sakitu inapolala juu ya viazi na maji ya ndoo yanapokuwa na ngozi ya barafu alfajiri. Nina mbwa jike aliyezaa watoto saba siku kumi zilizopita. Banda lao ni la mabati, na usiku naweka jiko la mkaa mlangoni, ndani kidogo, nikishaona makaa yameiva na moshi umekwisha. Watoto wawili wamekufa bila dalili yoyote. Tumewakuta asubuhi wamelala tu. Nilidhani ni baridi, nikaongeza mkaa. Baada ya kusoma jibu la gereji nimeingiwa na hofu.

#9 – MtaalamuWaMifugo_Alberta

Mmakete, kama jiko bado limo, litoe kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nilifanya kazi ya afya ya mifugo Tanzania kabla sijahamia Kanada, na jiko la mkaa limenipa kesi nyingi kuliko baridi yenyewe. Mkaa ulioiva vizuri usio na moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu mtu hutegemea moshi umwonye, na kaboni monoksidi haina moshi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mnyama anaendelea kupumua huku mwili wake ukikosa hewa. Watoto wachanga, wanaopumua haraka, hutangulia. Siwezi kuthibitisha kwa mbali kilichowaua wale wawili, kwa maana hata baridi huua watoto wa mbwa kimyakimya, lakini jiko lisirudi humo hata kama mlango uko wazi. Ni kisa kile kile cha familia zinazoingiza jiko chumbani wakati wa baridi na kukutwa asubuhi.

Mtoto wa mbwa katika wiki yake ya kwanza hawezi hata kutetemeka. Mwili wake haujajua bado kujipasha joto, na pale alipolala panapaswa kuwa na nyuzi 29 hadi 32. Joto hilo hulipata kwa mama na kwa ndugu zake, siyo kwa hewa ya banda lote. Wako wana siku kumi, wanaanza kupata nguvu. Kwa hiyo lengo ni kiota kidogo, kikavu, chenye kuta fupi zisizowaacha watambae mbali na mama.

Niongeze mambo ambayo mleta mada hakuyagusa. Joto la kawaida la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa kikisoma chini ya 37, mwili umeanza kushindwa. Chini ya 32, hiyo ni dharura. Kutetemeka ni dalili ya onyo, lakini mbwa aliyekuwa akitetemeka kisha akaacha huku bado amelegea na ufizi umepauka yuko hatarini zaidi kuliko yule anayetetemeka. Mkaushe, mfunge kwa nguo kavu, mwekee chupa za maji ya moto zilizozungushiwa taulo kifuani na tumboni, halafu mpeleke kwa daktari. Ncha za masikio, mkia na vidole zikiganda na kuwa ngumu, zisisuguliwe; zipashwe kwa maji ya uvuguvugu, na tena iwapo tu una hakika hazitaganda mara ya pili usiku huo.

Chakula nacho ni sehemu ya banda. Mbwa anayelala nje kwenye baridi anahitaji zaidi ya anachokula wakati wa joto, na kipimo bora ni kiganja chako ubavuni mwake kila wiki: mbavu zikianza kuhesabika chini ya manyoya, ongeza. Maji yasiyoganda ni lazima, kwa sababu kula theluji kunamgharimu mbwa joto la kuiyeyusha. Bakuli liwe la mpira au la plastiki nzito, siyo la chuma ambalo ulimi unaweza kunasa.

#10 – Wa_Limuru

Swali dogo. Hapa Limuru jirani yangu ameagiza mbwa wa kizungu mwenye manyoya marefu na anadai kwamba mbwa wetu wa kienyeji hawafai kwa baridi. Je, mbwa mwenye manyoya mafupi anaweza kuzoea?

#11 – MtaalamuWaMifugo_Alberta

Kwa baridi ya Limuru, anaweza, akiwa na banda kavu na akiwa ameingia kwenye msimu polepole tangu mwanzo badala ya kutolewa ndani ghafla mwezi wa Julai. Mbwa wetu wengi, na hata basenji wa misitu ya Kongo, wana manyoya ya kuwafaa kwao: mafupi na yenye tabaka moja. Mazoea huongeza uvumilivu kwa kiasi, lakini hayaoteshi manyoya ya ndani kama yale ya husky. Wasiwasi wangu mkubwa ni huyo wa jirani, hasa ikifika Februari jua linapowaka.

#12 – Mwanapwani_Kaskazini

Nimerudi kutoa taarifa. Chupa ya kipozeo ilikuwepo, imefunguliwa, chini kabisa ya rafu ambako mbwa hulala. Nimeiondoa. Paleti na mabua yamewekwa, na gari sasa linalala nje. Mke wangu anauliza ni nani hasa anayelindwa katika nyumba hii.

#13 – MchungaTheluji

Mmakete, nakujibu kuhusu mabati, maana nayakumbuka vizuri. Bati hupitisha joto lote nje na hudondosha maji alfajiri kama mvua. Usilibomoe banda. Chukua mabanzi kutoka kwenye mashine yoyote ya kupasulia mbao, uyapigilie kwa ndani, na uache nafasi ya kiganja kati ya banzi na bati. Nafasi hiyo ijaze viroba vikavu vilivyoshindiliwa maranda. Acha tundu la hewa juu, upande usiopigwa na upepo. Ndani ya banda tengeneza kisanduku kidogo cha mbao chenye ukingo wa shubiri mbili mbele, kimtoshe mama na watoto wake tu. Ngano mnalima wenyewe, kwa hiyo mabua hayatakugharimu chochote. Mlango uugeuze utazame upande ambao upepo hautoki, hata kama hutauona tena kutoka jikoni.

#14 – Mmakete

Nimefanya kama mlivyonielekeza, isipokuwa mlango, ambao nimeuzibia kwa gunia zito la katani mpaka fundi aje Jumamosi. Jiko limerudi jikoni. Leo ni usiku wa nne. Siku mbili za kwanza watoto walilala wakiwa wamerundikana mmoja juu ya mwingine, na mama akiwa amewazunguka. Alfajiri ya leo nimewakuta watano wote wametawanyika ndani ya kisanduku, mmoja amelala chali. Mke wangu, ambaye amefuga kuku maisha yake yote, amesema kwamba hata vifaranga ndivyo wanavyofanya joto linapowatosha. Nje palikuwa na sakitu nyeupe hadi kwenye kizingiti. Nauliza tu, mabua haya niyabadilishe baada ya siku ngapi?

#15 – MchungaTheluji

Usihesabu siku, kaka. Kila asubuhi kausha mkono wako vizuri, uuchomeke katikati ya kiota hadi uguse ubao wa chini, uushikilie hapo kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, kisha uutoe na uuguse shavuni. Ukiwa mkavu, shindilia mabua mengine mapya juu na uwaache. Ukiwa na ubaridi wa unyevu, au mabua yakiwa yamesagika na kuwa vumbi, toa yote, acha ubao ukauke kwa jua la mchana, na uanze upya. Kwa watoto watano wanaokojoa humo humo, nadhani utakuwa unatoa yote kila baada ya siku mbili au tatu.

Na huyo fundi wa Jumamosi, mwambie aweke bawaba kwenye paa. Utamshukuru Julai nzima.